Deni la Karen Blixen na Mlango wa Pili

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mtu mwenye insafu hawezi kulibisha neno hilo, kwani biashara, ujirani na hata undugu husimama juu ya uaminifu wa mtu kurejesha alichokopa. Hata hivyo, kila tabibu ajua kuwa dawa ina kipimo chake. Lipo deni ambalo mdeni hata akiuza kila alicho nacho, akajinyima na kuamka alfajiri miaka nenda miaka rudi, halimaliziki, kwa sababu riba yake hukua upesi kuliko pato lake. Kumhimiza mtu wa namna hiyo alipe ni sawa na kumhimiza mgonjwa apone. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zilifungua mlango wa pili: mdeni atangazwe muflisi, alicho nacho wagawiwe wadai kwa haki, kisha aachwe aanze maisha upya.

Mlango huo unaogopwa mno nchini mwetu, na hofu yenyewe hutokana zaidi na aibu kuliko na sheria. Kwa hiyo napenda leo tuutazame kupitia maisha ya mtu mashuhuri aliyefilisika papa hapa Kenya, akaondoka mikono mitupu akiwa na umri wa miaka 46, na ambaye jina lake lilivuma baada ya kufilisika kuliko kabla yake. Mtu huyo ni Karen Blixen, mwandishi wa Denmark.

Wengi humjua kwa sababu ya mtaa wa Nairobi uitwao Karen, au kwa ile filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu chake. Sisi wa Mnarani tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Kusini mwa magofu yetu ya msikiti na makaburi, mwendo wa kilomita chache, uko mji mkongwe wa Takaungu. Huko ndiko rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikokuwa na nyumba kando ya bahari, na huko ndiko Bibi Blixen alikokuja kupumzika aliposongwa na mambo ya shamba. Pwani yetu imo katika kisa chake cha raha, na kama tutakavyoona, imo pia katika kisa chake cha msiba.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungsted, kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mwandishi, naye alifariki mwaka 1895 kabla binti yake hajatimiza miaka 10. Upande wa mama, ukoo wa Westenholz, ndiko kulikokuwa na mali. Msomaji na alikumbuke jambo hilo, kwani fedha za ukoo huo ndizo zilizoliinua shamba la Ngong, na ndizo zilizomezwa na shamba hilo.

Mwaka 1912 alichumbiwa na Bror von Blixen-Finecke, baroni wa Uswidi aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko mfuko wake. Wawili hao walikusudia kuja Afrika ya Mashariki kufuga ng'ombe wa maziwa. Bwana alitangulia mwaka 1913, na alipofika akabadili shauri na kununua shamba la kahawa, maana siku hizo kahawa ilisifiwa kuwa dhahabu. Bibi akafuata kwa meli, wakafunga ndoa Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Hivyo uamuzi mkubwa kuliko yote katika maisha yake ya fedha ulikwisha kufanywa kabla hajakanyaga gati. Ni jambo tulionalo hata leo: mara nyingi deni linalomlemea mtu halikuanzishwa na mkono wake peke yake.

Mwaka 1916 shamba likasajiliwa kuwa kampuni, Karen Coffee Company, na mjomba wake, Aage Westenholz, akawa mwenyekiti. Jamaa wa ukoo ndio waliokuwa wenye hisa. Eneo lote lilikuwa takriban ekari 6,000 chini ya vilima vya Ngong, lakini ni ekari 600 tu hivi zilizopandwa mibuni. Sehemu nyingine ilikuwa nyasi, msitu, na makao ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kulima vishamba vyao humo.

Wakikuyu hao tusiwapite kwa haraka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imewafanya Waafrika kuwa wapangaji wa serikali ya kikoloni juu ya ardhi ya baba zao, wakaao kwa hiari ya mtawala. Sheria nyingine ya mwaka 1918 ikamlazimu mkazi wa shamba la mzungu kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kubaki. Watu hao hawakukopa hata senti moja kwa ajili ya kahawa ya Ngong, wala hawakuulizwa kama kahawa ipandwe. Hata hivyo, siku ya kulipa ilipowadia, wao nao walidaiwa makao yao.

Ardhi yenyewe haikuifaa kahawa. Shamba lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000, mahali penye baridi na upepo, na mvua yake haikuaminika. Mbuni nao ni mti wa subira: hupandwa leo ukazaa baada ya miaka kadhaa, na katika muda huo wote mishahara, mashine na riba havingoji. Mwaka ule ule wa ndoa yao Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Bror naye alipenda kuwinda kuliko kukagua mashina, na madeni yake mwenyewe yakaongezeka hata akawa mtu wa kuandamwa na wadai.

Mwaka 1921 mjomba Aage alisafiri kuja kukagua mali ya wenye hisa. Aliyoyaona hayakumpendeza. Bror aliondolewa katika uongozi, na Bibi Blixen akapewa shamba aliongoze kwa sharti kwamba mumewe asiwe na neno tena katika mambo yake. Mwaka huo huo wakatengana, na mwaka 1925 ndoa ikavunjwa. Mwanamke mmoja akabaki na ekari 6,000, wafanyakazi wengi na hesabu isiyolingana.

Miaka kumi iliyofuata ndiyo yenye fundisho kubwa. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Ukame ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Jamaa zake Denmark walituma fedha, wakashauri shamba liuzwe, naye akawasihi wangoje msimu mmoja zaidi. Wakatuma tena, wakashauri tena, naye akasihi tena. Hakuwa mvivu wala mbadhirifu wa kupigiwa mfano. Aliwatibu wagonjwa wa shambani, akaanzisha shule kwa ajili ya watu wake, akasimamia kuchuma, kukausha na kupakia. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni la wengi wetu: aliamini kuwa jitihada yaweza kuishinda hesabu.

Deni kubwa lina hila ya kumfanya mdeni aishi katika mwaka ujao. Mwaka huu mvua haikunyesha, mwakani itanyesha. Mwaka huu bei imeshuka, mwakani itapanda. Kila anapoahirisha kufunga hesabu, huongeza shimo kwa fedha za wale wampendao zaidi, kwa kuwa wao ndio wasioweza kumnyima. Lau shamba hilo lingalifungwa mapema, jamaa wangalipoteza kiasi kidogo zaidi, na yeye angaliokoa miaka ya ujana wake. Lakini kufunga kungekuwa kukiri kushindwa mbele ya ukoo na mbele ya walowezi wenzake, na binadamu wengi huona heri kuzama kimya kuliko kuitisha mashua mbele ya watu.

Mwishowe ulimwengu ulimwamulia. Mwaka 1929 masoko ya fedha yalianguka Marekani, na bei ya kahawa ikaporomoka duniani kote. Nzige wakaja juu ya hayo. Wenye hisa wakakata shauri kwamba hawatatuma tena fedha, na mwaka 1931 shamba likauzwa kwa Remi Martin, mfanyabiashara wa Nairobi aliyenuia kuligawa katika viwanja vya nyumba. Mnunuzi alimruhusu Bibi Blixen kubaki hadi mavuno ya mwisho yachumwe. Basi miezi yake ya mwisho aliishi kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe, akiuza samani moja baada ya nyingine.

Katika miezi hiyo alifanya jambo linalostahili kukumbukwa. Wakazi wa Kikuyu walikuwa wameamriwa kuhama. Kwa kawaida ya siku hizo wangetawanyika, kila jamaa ikatafute mzungu mwingine wa kuitumikia. Wao walitaka kitu kimoja: wahamishwe pamoja, wasipotezane. Bibi Blixen, ambaye sasa hakuwa na shamba wala sauti, alizunguka ofisi za serikali kuanzia kwa maofisa wa wilaya hadi kwa gavana, hata serikali ikakubali kuwatengea sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Tusilikuze jambo hilo kupita kadiri yake, kwani alikuwa akiwaombea watu kipande cha nchi yao wenyewe. Lakini tusilidogoshe pia, maana wenzake wengi waliofilisika katika msukosuko ule waliondoka bila kugeuka nyuma.

Msiba haukukoma hapo. Mwezi wa Mei 1931 Finch Hatton aliruka kwa ndege yake ndogo kuja pwani kuitazama nyumba yake ya Takaungu. Wakati wa kurudi alipitia Voi, na tarehe 14 ndege ikaanguka mara tu baada ya kupaa. Yeye na mtumishi wake Kamau wakafa. Alizikwa katika vilima vya Ngong, juu ya shamba ambalo lilikwisha kuwa la mwingine. Miezi michache baadaye Bibi Blixen akapanda meli Mombasa kurudi kwao. Hakuikanyaga tena Afrika hadi alipofariki.

Alirudi nyumbani kwa mama yake, mtu mzima asiye na mume, mtoto, kazi wala akiba. Nduguye Thomas alikubali kumtegemeza kwa miaka miwili ili ajaribu kuandika. Alichagua kuandika kwa Kiingereza, lugha ya kujifunza. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka Marekani mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen, kikapokelewa kwa shangwe. Mwaka 1937 kikafuata kitabu cha kumbukumbu za shamba la Ngong, ambacho kimesomwa ulimwenguni kote, na ambacho nasi tunakisoma tukikisifu kwa lugha yake na kukisaili kwa jinsi kinavyowatazama Waafrika. Alifariki Rungsted tarehe 7 Septemba 1962. Nyumba yake ya Ngong sasa ni makumbusho ya taifa.

Tujiulize basi: ni nini kilichomwezesha kuanza upya? Kipaji, bila shaka. Lakini kipaji kilikuwapo miaka yote kumi ya kahawa na hakikupata nafasi. Kilichomwokoa ni vitu viwili visivyohusiana na fasihi. Kwanza, deni lilikuwa la kampuni, na sheria ya kampuni husema kwamba mwenye hisa hupoteza hisa zake, lakini wadai hawamfuati hadi chumbani kwake. Pili, alikuwa na ndugu wa kumlisha kwa miaka miwili. Kwa maneno mengine, hesabu yake ilifungwa, na akapewa muda wa kuvuta pumzi. Wakikuyu wa shamba lake hawakuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Mwalimu wa kawaida wa Kilifi, au mama mwenye duka, au baba aliyedhamini mkopo wa mwenzake, naye hana kampuni wala mjomba tajiri. Anapokopa, hukopa kwa jina lake na kwa mshahara wake. Kwake yeye, kinga pekee iliyo sawa na ile ya Bibi Blixen ni sheria ya ufilisi.

Wazo hilo si la kigeni kama wengi wadhanivyo. Neno letu muflisi limetoka katika Kiarabu, na fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya kufilisiwa: kadhi humzuia mdeni asitumie mali yake ovyo, huigawa mali hiyo kwa wadai, na humwachia mahitaji yake ya lazima. Kurani yaamuru mdeni aliye katika dhiki apewe muda hadi afarijike, na Taurati yaamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Huko Uingereza, Daniel Defoe alifilisika mwaka 1692 kwa deni la pauni 17,000, akaandika kupinga sheria iliyomfunga mdeni asiye na kitu, na mwanzoni mwa karne ya 18 Bunge la nchi hiyo likakubali kwa mara ya kwanza kwamba muflisi mwaminifu aweza kufutiwa deni lililosalia. Defoe huyo ndiye aliyetuandikia kisa cha Robinson Crusoe mwaka 1719.

Kenya ilipata sheria yake ya ufilisi mwaka 1930, wakati ule ule mashamba ya Ngong yalipokuwa yakianguka. Ilikuwa sheria ya adhabu kuliko ya faraja, na muflisi aliweza kubaki na jina hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Bunge letu lilitunga sheria mpya iliyoiondoa ile ya zamani, nayo inampa mtu binafsi njia kadhaa. Aweza kuwapelekea wadai wake pendekezo la kulipa kwa utaratibu chini ya msimamizi, na wengi wao wakikubali likawafunga wote. Aweza kuomba amri ya kulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya pato lake. Asiye na mali yoyote, na ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, aweza kuomba utaratibu maalumu unaokwisha kwa miezi 12. Mwenye deni kubwa zaidi aweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze muflisi, na kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka mitatu. Katika muda huo wadai wa kawaida hawaruhusiwi kumwandama mmoja mmoja, na huachiwa vifaa vya kazi na vyombo vya nyumbani kwa kiwango kilichowekwa.

Mlango huu una gharama, na haifai kuificha. Mali nyingine itauzwa. Aliyeweka nyumba au shamba rehani hataliokoa kwa kutangazwa muflisi, maana mwenye rehani hubaki na haki yake. Deni la udanganyifu na posho ya watoto havifutwi. Muflisi ambaye hajafunguliwa hawezi kuwa mbunge wala mwakilishi wa kaunti, na atapata taabu kukopa tena. Aendaye huko akiwa ameficha mali kwa jina la shemeji atajikuta katika makosa ya jinai.

Yuko atakayesema kwamba tukifungua mlango huu watu watakopa kwa makusudi ya kutolipa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu sheria humchunguza mdeni na kuuza alicho nacho kwanza. Lakini tuitazame pia hali ilivyo mlango ukifungwa. Sheria ya ajira yakataza mshahara kukatwa zaidi ya thuluthi mbili, nayo thuluthi moja iliyobaki yawahiwa na mkopeshaji wa mtaani aliyeshika kadi ya benki, au na mikopo ya simu inayolipana yenyewe kwa yenyewe. Mwalimu huyo hufundisha akiwa na njaa, huikimbia simu yake, na mara nyingine hulikimbia darasa. Mdai hapati chake, na watoto arubaini hupoteza mwalimu. Hapo nani aliyefaidika na uaminifu wa kulipa kisicholipika?

Shauri langu kwa walimu wenzangu ni jepesi kulisema, ingawa ni zito kulitenda. Andika madeni yako yote katika karatasi moja, pamoja na riba zake. Ukiona kwamba pato lako laweza kuyamaliza kwa miaka michache, lipa, na dawa ya wahenga itakufaa. Ukiona hata riba hailipiki, usikope tena kwa jamaa ili kununua mwaka mmoja wa matumaini. Mwendee wakili, au afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, ungali na kitu cha kuwagawia wadai na nguvu za kuanza upya. Nanyi wanafunzi, mnapofundishwa riba katika hisabati, muulizeni mwalimu swali hili moja: ikiwa malipo ya mwezi ni madogo kuliko riba ya mwezi, deni litakwisha lini? Bibi Blixen alichukua miaka kumi kulijibu, na jibu lake liligharimu fedha za ukoo mzima na makao ya watu wasiokopa kitu.